Jampa, Volti na Maji ya Ruaha

Jampa ni ndogo kuliko punje ya mahindi. Ni kofia ya plastiki yenye kipande cha chuma ndani, na kazi yake ni moja tu: kuvishwa juu ya pini mbili za kompyuta ili umeme upite kati yake. Ukiivua, njia imekatika. Ukiihamishia pini za jirani, umetoa amri nyingine. Kwa miaka ipatayo kumi, kofia hizo ndizo zilizoamua prosesa iende kwa kasi gani na ilishwe volti ngapi. Aliyezivisha hakuwa mhandisi wa California. Alikuwa fundi wa Uhindini, Mbeya, au wa Miomboni, Iringa, mwenye bisibisi, tochi na, siku ya bahati, karatasi ya maelekezo iliyokuja na mashine.

Historia ya kompyuta husimuliwa kwa kasi: megahezi kadhaa mwaka fulani, maradufu mwaka uliofuata. Kasi inavutia, lakini haichomi kitu peke yake. Kinachochoma ni volti. Na ukiifuata volti badala ya kasi, huku Nyanda za Juu Kusini unajikuta unafuata mto.

1965–1985: Mlango uliofungwa

Kompyuta ya kwanza Tanzania, mashine ya Kiingereza iliyoitwa ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za zama hizo zilijaza chumba kizima, na kila kitu ndani yake kilikuwa kimeshapangwa na mtengenezaji. Mnunuzi alipewa swichi ya kuwasha, karatasi za kutobolewa matundu na bili.

Mambo hayakwenda vizuri. Mpango wa kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta uliingia hasara na vurugu, fedha za kigeni zilikuwa haba, na bei ya mafuta ilipopaa mwishoni mwa 1973 hazina ikabanwa zaidi. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Wengi wameicheka amri ile baadaye. Mimi siicheki sana: nchi iliyokuwa ikihangaika kununua chakula cha ukame haikuwa na sababu nzito ya kununua mashine ya kukosea mishahara kwa haraka zaidi.

Ila ilileta matokeo ambayo hayakupangwa na mtu. Mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani yenye prosesa ya Intel 8088, kasi ya megahezi 4.77. Kwa miaka kumi iliyofuata, vijana wa nchi nyingine walijifunza ufundi kwenye mashine ambazo ilikuwa vigumu kuziua kwa mpangilio mbaya, kwa sababu karibu kila chipu ilikula volti tano. Huku kwetu vibali vilianza kutolewa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, kwa ofisi na miradi, na mashine za watu wa kawaida zikaja baadaye sana. Tuliruka darasa la volti tano. Fundi wa Mbeya alipopata bodi ya kuifungua bila hofu ya mwenye ofisi, ilikuwa tayari bodi yenye jampa ishirini.

1975–1988: Umeme unapanda mlimani

Mto Ruaha Mkuu huanzia katika milima ya Uporoto na Kipengere, unatanda katika bonde la Usangu, unachujwa na ardhioevu ya Ihefu, unakatisha hifadhi ya taifa na kushuka Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Kituo cha Kidatu, chini zaidi kwenye mto huohuo, kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na awamu ya pili ya mwaka 1980 ikakifikisha kwenye megawati 204. Bwawa la Mtera lilijengwa kwanza kama ghala la maji ya Kidatu. Mitambo yake yenyewe ya megawati 80 ilikuja 1988.

Katikati ya miaka ya 1980 njia ya kilovolti 220 ilipanda kutoka Kidatu kwenda Iringa na Mufindi, ambako kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilikuwa kikianza kazi, hadi Mbeya. Hapo ikaishia. Kwa miaka mingi Mbeya ilikuwa mwisho wa waya; Tunduma na Sumbawanga zilichukua umeme wa Zambia. Kuwa mwisho wa waya mrefu kuna gharama yake. Mzigo ukizidi, volti hushuka. Mzigo ukiondoka ghafla, hupanda. Ukutani pameandikwa 230, lakini wakazi wa Uyole au Ilemi wanajua saa moja jioni taa huwa na rangi gani.

Mwaka 1986 Chuo cha Ufundi Mbeya kikafungua milango, kwa makubaliano na Umoja wa Kisovieti. Chuo hicho kikaja kuwa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia mwaka 2005, kisha chuo kikuu, MUST, mwaka 2012. Iringa nayo ilipata chuo kikuu cha Walutheri katika miaka ya 1990. Kwa hiyo kufikia wakati kompyuta zilipoanza kushushwa kwenye mabasi, mikoa hii miwili ilikuwa na vitu vitatu kwa pamoja: umeme wa gridi usiotulia, vijana waliosoma nadharia ya umeme, na barabara ya Dar es Salaam inayopanda mlima wa Kitonga kwa kona zinazolegeza kila kilichobanwa vibaya.

Swichi nyekundu

Volti ya kwanza kupangwa haikuwa ndani ya mashine. Ilikuwa nyuma, karibu na tundu la waya: swichi ndogo nyekundu yenye namba mbili, 115 na 230. Marekani hutumia volti 120 hivi, sisi 230. Mashine iliyotoka huko kama msaada au mtumba iliweza kufika na swichi upande wa 115. Ukiichomeka hivyo, unasikia mlio mmoja, unaona moshi, na unanusa harufu ambayo fundi haisahau. Kosa la kinyume chake halina madhara makubwa: mashine ya 230 ikipewa 115 hukataa tu kuwaka.

Hapo pana kanuni ambayo baadaye iliwaokoa wengi kwenye jampa: kosa la kwenda chini hukupotezea dakika tano, kosa la kwenda juu hukupotezea mashine.

Pawasaplai nzuri ya wakati huo, swichi ikiwa mahali pake, ilivumilia kati ya volti 180 na 264 hivi na kutoa volti 12, 5 na 3.3 zilizotulia. Ndiyo maana si kweli kwamba kila umeme wa TANESCO ulipocheza prosesa nayo ilipokea msukosuko uleule. Pawasaplai ilisimama katikati kama bawabu. Tatizo lilikuwa bawabu wa bei rahisi, na wengi walikuwa wa bei rahisi.

1992–1994: Volti tano zinavunjika

Kwa nini wahandisi waliiacha volti tano iliyomfaa kila mtu? Sababu ni joto. Joto linalotoka kwenye chipu hukua sambamba na kasi, lakini kwa volti hukua kwa mraba wake. Ukiongeza kasi maradufu, joto ni maradufu. Ukiongeza volti maradufu, joto ni mara nne. Prosesa ya kwanza ya Pentium ya Intel, mwaka 1993, ya megahezi 60 na 66, bado ilikula volti tano, na ilikuwa jiko. Mwaka uliofuata zikaja za megahezi 90 na 100 zenye volti 3.3, zikaenda kasi zaidi kwa joto pungufu.

Kabla ya hapo ilikuwapo hila nyingine. Kuanzia 1992 Intel iliuza 486 iliyokwenda ndani kwa mwendo maradufu ya ule wa bodi. Bodi inakwenda megahezi 33, prosesa inajizidishia ndani na kwenda 66. Hapo ndipo namba mbili zilipozaliwa: mwendo wa bodi, na kizidisho. Mwaka 1994 ikaja 486DX4, ambayo licha ya jina lake ilizidisha kwa tatu, 33 kwa 3, karibu megahezi 100, na ilihitaji volti 3.3. Soketi ilikuwa ya umbo lilelile la volti tano. Chipu iliingia bila kulalamika. Kuwasha ndiko kulikokuwa mtihani, na kwenye bodi isiyo na kidhibiti cha volti mtihani ulifanywa mara moja tu.

1995–1999: Zama za jampa

Tukae hapa kidogo, maana hii ndiyo miaka iliyomfanya fundi kuwa fundi.

Mwaka 1995 ilikuja Soketi 7, na makampuni matatu, Intel, AMD na Cyrix, yakawa yanauza prosesa zinazoingia katika tundu moja. Kwa mnunuzi wa Mbeya hiyo ilikuwa neema: bodi moja, prosesa yoyote, bei ya kubishania. Kwa fundi ilikuwa neema yenye miiba, kwa sababu tundu lilikuwa moja lakini volti zilikuwa nyingi.

Pentium ya kawaida ilikula 3.3, lakini baadhi yake zilitaka kati ya 3.4 na 3.6. Tofauti hiyo haikuandikwa kwa maneno. Ilifichwa katika herufi tatu baada ya mkwaju kwenye msimbo wa chini ya chipu. Herufi ya kwanza ikiwa S, volti ya kawaida. Ikiwa V, ile ya juu. Januari 1997 ikaja Pentium MMX, na hapo volti zikawa mbili katika chipu moja: 2.8 kwa moyo wake, 3.3 kwa miguu inayozungumza na bodi. K6 ya AMD, mwaka huohuo, ilitaka 2.9, isipokuwa ya megahezi 233 iliyotaka 3.2. K6-2 ya 1998 ikashuka hadi 2.2. AMD na Cyrix walikuwa na adabu moja ambayo naisifu hadi leo: waliandika volti mgongoni mwa chipu, kwa tarakimu, kwa yeyote mwenye macho.

Cyrix kwa upande mwingine ilileta utata wake. Prosesa yake ya 6x86 yenye jina P166+ haikwenda megahezi 166. Ilikwenda 133, na namba ya jina ilidai tu kwamba inafanya kazi sawa na Pentium ya 166. Fundi aliyeliamini jina aliweza kuipa chipu iliyokuwa tayari na joto jingi kasi ambayo haikuumbiwa. Mashine iliwaka, ikahesabu kumbukumbu, ikafungua Windows, ikaganda. Mwenye mashine akaambiwa ina virusi. Sijui ni kompyuta ngapi za nchi hii zilifutwa kila kitu kwa kosa la virusi visivyokuwapo, ilhali ugonjwa wenyewe ulikuwa jampa moja iliyovishwa pini za jirani.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Kundi moja la jampa lilichagua mwendo wa bodi: 50, 60, 66, na kwenye bodi za kujionyesha, 75 na 83. Kundi la pili lilichagua kizidisho: 1.5, 2, 2.5, 3. Ukitaka 200, 66 kwa 3. Kundi la tatu lilichagua volti. Jedwali lake mara nyingi lilichapwa kwenye bodi yenyewe kwa herufi nyeupe ndogo, na hiyo ilikuwa rehema, kwani kitabu cha maelekezo kilikuwa kimebaki Dubai au kimetumika kuwashia jiko.

Kasi ya bodi haikugusa prosesa pekee. Njia inayoendea diski na kadi nyingine ilikwenda nusu ya mwendo wa bodi. Kwenye 66 ni 33, kama ilivyokusudiwa. Kwenye 83 ni zaidi ya 41, na hapo diski huanza kuandika mambo yasiyosomeka. Mtu aliyepanga 83 ili apate kasi ya bure aliweza kuipata, pamoja na mafaili yaliyooza kimyakimya.

Fundi makini alikuwa na utaratibu ambao haukutoka katika kitabu kimoja. Waya wa ukutani unachomolewa kwanza, si kuzima tu. Mkono unagusa chuma cha boksi kabla ya kugusa chipu, hasa Juni na Julai, wakati hewa kavu na masweta ya sufu hulimbikiza umeme wa mwilini. Chipu inasomwa mgongoni na tumboni. Volti inapangwa kabla ya kasi, na ikiwa kuna shaka kati ya namba mbili inachaguliwa ndogo. Kasi inaanza chini ya ile iliyoandikwa. Mashine inawashwa, feni inatazamwa, kidole kinawekwa pembeni ya hitisinki, chuma cha kupoza prosesa. Kidole kikivumilia kwa dakika kadhaa, unazima, unachomoa, unapandisha hatua moja.

Mwenye mita alipima volti yenyewe bodini, asiamini jedwali. Jedwali liliweza kukosea. Ncha nyekundu ya mita haikuwa na sababu ya kumdanganya.

Kuhusu hali ya hewa, watu wa pwani hutuonea wivu bila sababu. Kweli asubuhi ya Julai Mbeya hukaribia baridi ya jokofu. Lakini mji uko juu kiasi cha mita 1,700, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Dar es Salaam. Hewa nyepesi hubeba joto dogo kwa kila mzunguko wa feni. Baridi inakupa, wepesi wa hewa unakunyang'anya sehemu, na vumbi la Agosti linachukua iliyobaki.

Kishawishi kikubwa kilikuja na K6-2. Matoleo ya baadaye ya chipu hiyo yalisoma kizidisho cha 2 kama 6. Maana yake, bodi kuukuu ya megahezi 66, ukiipanga 2, ingeweza kuendesha prosesa kwa karibu megahezi 400. Kompyuta ya mwaka 1997 ikawa mpya kwa gharama ya chipu moja. Kilichokosekana ni volti. Bodi nyingi za mwaka huo zilishuka hadi 2.8 tu, na K6-2 ilitaka 2.2. Sasa fanya hesabu ya mraba: 2.8 badala ya 2.2, joto linaongezeka kwa asilimia 62 hivi. Ilikuwa inawaka. Hilo ndilo lililokuwa baya. Ingekuwa inakufa palepale kama ile 486, hakuna ambaye angeiuza. Lakini iliwaka, ikalipiwa, ikapanda basi kwenda Makambako au Tukuyu, na ikafa ikiwa kwa mteja. Volti iliyozidi kidogo huila chipu kama mchwa wanavyokula nguzo. Nyumba inasimama hadi siku inapoanguka.

1996–2001: Bodi inaanza kujipangia

Jampa ilianza kuuawa ingali kijana. Mwaka 1996 kampuni ya Abit ya Taiwan ilitoa bodi ambayo kasi na volti vilipangwa kwenye skrini, katika BIOS, yaani programu ya ndani ya bodi, bila kugusa pini. Mwaka uliofuata Pentium II ikaja na pini maalumu ambazo kwa hizo chipu huitangazia bodi volti inayoitaka. Ya kwanza iliomba 2.8, ya 1998 ikaomba 2.0, na bodi ikatii. Fundi hakuulizwa.

Sababu nyingine ya kumwondoa fundi haikuhusu usalama. Wahuni walikuwa wakifuta maandishi ya chipu za kasi ndogo na kuchapa namba kubwa, na mnunuzi wa mwisho wa mnyororo, aliye mbali zaidi na kiwanda, ndiye aliyeweza kuangukiwa na mzigo huo. Intel ikakifunga kizidisho. Mlango wa udanganyifu ukabanwa, na wa ufundi ukabanwa pamoja nao.

Ukabaki mwendo wa bodi. Celeron 300A ya 1998 ilizidisha 66 kwa 4.5. Ukiipa bodi 100, inakwenda 450, na nyingi zilikubali kwa volti ileile ya 2.0. Kwenye bodi zisizoruhusu, kipande kidogo cha selotepu juu ya mguso mmoja wa kadi ya prosesa kilitosha kuidanganya bodi. Nadhani hakuna selotepu iliyowahi kufanya kazi ya thamani zaidi.

Bodi za kupangia kwenye skrini zilikuwa na udhaifu mmoja uliojitokeza sana katika shule zenye likizo ndefu. Mipangilio yake hutunzwa na betri ya duara ya volti tatu. Betri ikifa, bodi husahau tarehe, husahau kasi, na hurudi kwenye mpangilio wa tahadhari. Mwalimu anawasha mashine Januari na kuikuta imerudi mwaka wa zamani na kwenda polepole. Anasema imezeeka, kumbe inadai betri.

Mwaka 2000 Intel ilileta teknolojia ya SpeedStep kwenye kompyuta za mkononi: Pentium III ya megahezi 600 au 650 ikiwa kwenye umeme wa ukutani ilikula volti 1.6, na ikihamia kwenye betri ilishuka yenyewe hadi megahezi 500 na volti 1.35. Tangu hapo kasi na volti vikawa vitu vinavyobadilika wakati mashine ikifanya kazi, bila mwenyewe kujua. Prosesa za Pentium 4 zilijipunguza kasi zilipopata joto. Athlon za wakati huo hazikuwa na breki hiyo. Ukiwasha moja bila hitisinki, iliungua kabla hujafika kwenye swichi.

2006: Mto unakauka, kapasita zinavimba

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliondoa ushuru kwenye kompyuta, na mwaka 2003 ikatoa sera ya kwanza ya TEHAMA. Mtumba wa Ulaya na wa Dubai ukafurika. Vioski vya intaneti vikaota kando ya stendi.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu ulikuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya hifadhi, mashamba ya mpunga na mifugo ya Usangu vikilaumiwa kwa zamu. Mwaka 2006 ukame uliikuta Mtera ikiwa karibu tupu, maji yakashuka chini ya kina cha kuendeshea mitambo, na nchi ikaingia katika mgao mkali. Wafugaji waliondolewa Ihefu. Mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond ukaleta kashfa iliyomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Hayo yameandikwa sana. Kilichoandikwa kidogo ni kilichotokea ndani ya boksi la kompyuta kila umeme uliporudi kwa kishindo mara mbili kwa siku.

Umeme huo uliukuta ugonjwa mwingine ukisubiri. Kati ya 1999 na 2007 hivi, viwanda vingi vya Asia vilitumia kapasita zenye kimiminika kibovu. Kapasita hizo hukaa kuzunguka prosesa, na ndizo zinazotuliza volti baada ya kidhibiti kuikata kutoka 12 hadi moja na kitu. Zikivimba, volti inatikisika. Kwa chipu ya volti tano, tikisiko la nusu volti lilikuwa sehemu ya kumi. Kwa chipu ya volti 1.4 ni zaidi ya theluthi. Kupunguza volti kulikopunguza joto kulikuwa kumepunguza pia nafasi ya kukosea.

Mafundi wakarudi kazini, safari hii na chuma cha kuchomelea. Kapasita iliyovimba ilijulikana kwa macho: kichwa chake, ambacho kilipaswa kuwa bapa, kimefura kama andazi. Iling'olewa, ikawekwa nyingine ya uwezo uleule na volti ileile au zaidi, ncha chanya na hasi zikiangaliwa mara mbili. Nyingi za kubadilishia zilitoka kwenye bodi zilizokufa, yaani mgonjwa mmoja alimponya mwingine kwa dawa yenye umri wake. UPS na stebilaiza, ambavyo zamani vilikuwa fahari ya benki, vikaingia katika kila duka la kuchapa.

2023–2024: Kosa linahamia juu

Kwa miaka kumi na mitano hivi baada ya hapo hakuna aliyezungumzia volti ya prosesa isipokuwa vijana wa michezo ya kompyuta. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ulifika, simu zikachukua nafasi ya vioski, kompyuta za mezani zikabaki maofisini na vyuoni. Mashine ilijipangia kila kitu, mara maelfu kwa sekunde, na tukadhani suala limekwisha.

Aprili 2023 baadhi ya prosesa mpya za AMD za Ryzen 7000 zikaungua zikiwa kwenye soketi. Bodi zilikuwa zikipitisha volti ya juu mno kwa sehemu moja ya chipu, na tiba ikawa programu mpya ya BIOS iliyoweka mpaka wa 1.3. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Intel. Prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikianza vizuri, kisha baada ya miezi zikaganda bila sababu. Julai 2024 kampuni ilikiri kwamba maagizo ya ndani ya chipu yenyewe yalikuwa yakiomba volti iliyozidi. Marekebisho ya Agosti yakaiwekea kikomo cha 1.55, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Chipu ambazo zilikuwa zimeshaharibika hazikuponywa.

Nilipozisoma taarifa hizo niliifikiria ile K6-2 ya volti 2.8. Dalili zilikuwa zilezile: inawaka, inalipiwa, inakufa ikiwa kwa mteja. Safari hii mkono uliokosea ulikuwa wa kiwandani, na jampa yake ilikuwa mistari ya programu isiyoonekana kwa tochi.

Na tiba ikarudi kwa fundi. Anapakua faili, analiweka kwenye flashi, anaanza kuandika BIOS upya. Dakika chache hizo bodi haipaswi kukatiwa umeme. Ukikatika katikati, bodi nyingi haziwaki tena hadi chipu ya BIOS ing'olewe au iandikwe kwa kifaa maalumu. Mwaka huohuo wa 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzunguka kwenye mto Rufiji, kwa maji ambayo sehemu yake imeshapita Usangu, Mtera na Kidatu. Mgao ulipungua. Fundi wa Mbeya hata hivyo anaiunganisha mashine na UPS iliyojaa chaji, anaitazama taa ya dukani kama imetulia, ndipo anabonyeza.